Kukadiria si Hesabu ya Watoto

Wanachuo wenzangu tunaosomea ualimu wa hisabati, tuna kasumba moja: mada ya kukadiria tunaiona ya watoto. Nusu inapanda, basi, twende mada nyingine. Mimi nakataa. Wanaoandika programu walipita kwanza kwenye madarasa ya walimu kama sisi, na tulichowafundisha kinaonekana kwenye vioo vya simu na kompyuta.

Kioo ni vidoa vidogo vinavyoitwa pikseli, na vinahesabiwa kwa namba kamili. Chukua upana wa pikseli 100, ugawe safu 3 zilizo sawa. Kila safu ni 33.33. Ukikadiria upana wa kila safu unapata 33 mara tatu, yaani 99. Pikseli moja imebaki wazi, na hapo ndipo unapotokea ule mstari mwembamba pembeni. Sasa kadiria mipaka badala ya upana: 0, 33, 67, 100. Safu ya katikati inapata 34 na pengo linakwisha. Hesabu ni ileile, kilichobadilika ni kitu unachokikadiria.

Halafu kuna kukata desimali. Java na C zikigeuza desimali kuwa namba kamili, hukata tu kuelekea sifuri: 0.9 inakuwa 0, na -0.9 nayo 0. Ndiyo maana kitu kikiburutwa kupita ukingo wa kushoto kinaweza kuonekana kama kimekwama pale kwenye sifuri. Dawa yake ni kushuka daima kwenye namba kamili ya chini, -0.9 iwe -1.

Na ile "nusu inapanda" yetu? Iambie Python 3 ikadirie 2.5, itakupa 2, kwa sababu nusu huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. JavaScript itakupa 3. Hakuna iliyokosea hapo, kila moja ina kanuni yake.

Najua kuna atakayesema, pikseli moja ni nini bwana? Haya, mfikirie mwenzetu mwenye uoni hafifu, aliyekuza kioo hadi asilimia 125. Kitufe kilichopangwa kwenye 400 sasa kinachorwa kwenye 500. Akibofya pale, programu inatakiwa kugawa 500 kwa 1.25 irudi kwenye 400, ndipo itafute ni kitufe gani kimeguswa. Ikisahau kugawa, yeye atabofya weee, wapi! Mwisho ataambiwa hajui kompyuta, wakati asiyejua hesabu ni aliyeiandika ile programu.

Kwa hiyo tukienda mazoezi ya kufundisha, tusiishie kwenye "jibu ni ngapi?" Tuwaulize wanafunzi: unakadiria nini, katika hatua gani, kwa kanuni ipi? Wazoee kufanya hesabu yote kwanza na kukadiria mwishoni, mara moja tu. Somo hilo halihitaji maabara ya kompyuta. Ubao na chaki vinatosha, ilimradi mwalimu mwenyewe asiwe anakadiria kwa mazoea.