Shetani Yuko Ndani ya Kitabu?



Wamoja kati yetu wanaomba kitabu Shetani Msalabani kitoshwe katika biblioteke, juu ya jina lake. Wanasema shule ya Kikristo haiwezi kuweka kitabu cha shetani. Sisi wakubwa wa wanafunzi tunajibu: kwanza tukisome.

Mwandishi ni Ngũgĩ wa Thiong'o, Mkenya aliyefariki mwaka 2025. Mwisho wa 1977, nyuma kidogo ya mchezo wake wa kijijini Kamĩrĩĩthũ kukatazwa, serikali ilimfunga bila kumpeleka mbele ya hakimu. Katika gereza la Kamiti alikiandika kitabu hiki juu ya karatasi ya choo. Askari wakamnyang'anya maandiko, kisha mkubwa mmoja akamrudishia. Alifunguliwa Desemba 1978. Kitabu kikatoka kwa Kigikuyu 1980, kwa Kiswahili 1982.

Ndani yake kuna nini? Karamu ya wezi wakubwa, wanashindana nani anajua kuiba zaidi. Mmoja anajisifu kwamba atawauzia maskini hata udongo na hewa. Tunacheka, halafu cheko linakatika, maana watu wa namna hiyo tunawajua. Shetani hasifiwi pale hata kidogo. Anavuliwa nguo.

Urusi vilevile: Mikhail Bulgakov aliandika Master na Margarita, habari ya shetani anayetembelea Moscow. Mwaka 1930 alichoma maandiko ya kwanza, akaanza tena. Alikufa 1940; watu walianza kuyasoma katika gazeti 1966, tena yakiwa yamekatwakatwa.

Juu ya nini hawakusema waziwazi? Chini ya utawala mkali neno la wazi linamfunga mwenyewe. Wazazi wetu walioishi wakati wa MPR, chama kimoja cha Mobutu, wanalijua jambo hili. Nabii Nathani naye, mbele ya mfalme Daudi, alianza na habari ya maskini na kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, kumbe alikuwa anajihukumu mwenyewe.

Mtu atasema: kuna maneno makali, wadogo wasikiguse. Hapo tunakubali. Kipewe wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita tu.

Lakini tusidanganyane, wapendwa. Shetani hangoji biblioteke ifunguliwe. Anaingia siku mwanafunzi anapotafuta pointi kwa bahasha, na sisi wenzake tunamwita mjanja. Huyo angepewa kiti cha mbele katika ile karamu. Tukitosha kitabu na kuacha bahasha, tumefukuza nani?

Jumamosi, nyuma ya salongo, tutasoma sura ya karamu kwa sauti katika darasa la mwaka wa sita. Wanaotaka kitoshwe waje pia, wasikilize mpaka mwisho, kisha watuambie sababu zao. Tutawasikiliza.