Fimbo ya Kina Mama

Mwambie mwanaume anayecheza gofu Arusha kwamba hajui kusukuma mpira shimoni, atacheka na kukununulia soda. Mwambie anapinda mgongo kama anayetafuta sarafu, atakubali. Mwambie draiva yake ina digrii chache mno kwa nguvu alizonazo, na kitumbua kimeingia mchanga. Jibu lake nimelisikia mara nyingi kiasi cha kuweza kulitamka pamoja naye: "Dada, hiyo ya kumi na mbili ni ya kina mama."

Naandika kulipinga jibu hilo. Kwanza kwa sababu ni la uongo kihesabu, na hesabu yake si ngumu. Pili kwa sababu anayelitoa siye anayelilipia.

Kwa asiyecheza: lofti ni mlalo wa uso wa fimbo. Uso uliosimama wima kabisa ni digrii sifuri. Fimbo ya kusukumia mpira shimoni ina tatu au nne. Ile ya kutolea mpira mchangani inalala hadi 54 au 56. Draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kama kiazi kikubwa, ya kupigia mpira wa kwanza, nyingi zipo kati ya 8 na 12, na kwa macho matupu 9 na 12 hazitofautiani sana. Mpaka uigeuze usome namba iliyoandikwa chini. Balaa lote liko kwenye ile namba. Katika nchi ambayo kila mtu anataka digrii ya pili na ya tatu, ni kwenye gofu tu ndipo mwenye chache anatamba.

Kisa cha kutamba kinaeleweka. Wakali wa kwenye televisheni wanatumia 8 au 9, na wao wanapiga mbali. Basi mwenye 9 anapiga mbali. Ni mantiki ile ile ya kudhani ukivaa raba za Kipchoge utamaliza marathoni kwa saa mbili.

Mpira wa gofu haupai kama jiwe. Ukipigwa na uso uliolala kidogo, unatoka ukijizungusha kinyumenyume, mizunguko maelfu kwa dakika, na vile vishimo vidogo juu ya ngozi yake vinausaidia kuishika hewa na kuisukuma chini. Hewa nayo inausukuma mpira juu. Ndiyo maana mpira wa mchezaji hodari unatoka chini chini, halafu katikati ya safari unapanda kama uliyesahau kitu angani. Lakini msaada huo wa hewa unatokana na kasi. Mwenye kasi anaweza kuutoa mpira chini na hewa ikamalizia kazi. Asiye na kasi hewa haina cha kumbebea. Lazima autoe juu tangu mwanzo, na cha kumtolea juu ni lofti.

Kwa hiyo kanuni inakwenda kinyume na majigambo: kadiri swingi yako ilivyo ya taratibu, ndivyo unavyohitaji digrii nyingi. Kwa makadirio ambayo wataalamu wengi wa kupima fimbo hawatofautiani nayo sana, anayezidi maili 105 kwa saa anaweza kuishi na 8 hadi 9 na nusu. Kati ya 95 na 105, chukua 9 na nusu hadi 10 na nusu. Kati ya 85 na 95, 10 na nusu hadi 12. Chini ya 85 ni 12 na kuendelea, wala usione haya kufika 13 au 14.

Sasa twende kwa hao kina mama. Kampuni ya TrackMan, inayotengeneza rada za kupimia mipigo, imewahi kutoa wastani wa wachezaji iliowapima. Wanaume wa PGA Tour walikuwa karibu maili 113 kwa saa. Wanawake wa LPGA, 94. Na mwanaume wa kawaida, yule wa handikapu 14 au 15, anayeambiwa na wenzake kwamba anajua? Maili 93.

Rudia kusoma. Wastani wa "kina mama" wale ni maili moja juu ya wastani wa mwanaume wa klabu. Mpira wao unasafiri hewani karibu yadi 220. Wa huyo bwana, pamoja na kubingirika kwake kote, unaishia kama 214. Na siri ya wanawake wale haihusu misuli. Wanaupiga mpira fimbo ikiwa imeshaanza kupanda, karibu digrii tatu, wakati bwana wa handikapu 15 anaupiga fimbo ikiwa bado inashuka, kama anayekata kuni. Mtu anayeshusha fimbo, tena kwa maili 85, tena kwa uso wa digrii 9, anaupeleka mpira kwenye nyasi za mbele yake. Haupai. Unatambaa.

Nakubali kuna ubaguzi wa kanuni. Ukiwa na swingi inayopanda sana, unaweza kupunguza digrii moja au mbili, maana swingi yenyewe imeshaongeza mwinuko. Pia namba iliyoandikwa chini ya fimbo si msahafu. Viwanda hukosea kwa digrii moja huku au kule, na fimbo nyingi za tangu 2009 hivi zina shingo inayofunguliwa kwa bisibisi maalumu na kubadilishwa lofti. Shafti nalo lina makelele yake. Lakini nimeona watu wakijificha nyuma ya ubaguzi huo. Kila mmoja anajihesabu miongoni mwa wachache wanaopiga wakipanda. Hakuna aliyejipima.

Halafu kuna hoja ya Arusha, ambayo huletwa kama karata ya mwisho. "Huku tuko juu, hewa nyepesi, mpira unaruka wenyewe." Nusu yake ni kweli. Mji huu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa kama asilimia 12 hadi 13 ya ile ya Dar es Salaam. Mpira unapata upinzani kidogo, hivyo unakwenda mbali kwa karibu asilimia 5. Lakini hewa hiyo hiyo iliyopungua ndiyo ilitakiwa kuubeba mpira juu. Imepungua kwa kuzuia na imepungua kwa kubeba. Mpira unaotoka chini unapaa chini zaidi huku chini ya Meru kuliko ambavyo ungepaa pale Lugalo. Ukifuata hoja ya mwinuko mpaka mwisho wake, inakudai digrii zaidi, si pungufu. Na ile asilimia 5 inadanganya watu wazima: anayerusha yadi 200 hapa, Dar angerusha kama 190. Sehemu ya ubabe wake ni ya mlima.

Wengine husema lofti ndogo inaleta kubingirika. Kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kama sakafu, sawa, kuna ukweli ndani yake. Njoo masika, Machi hadi Mei, mpira unapotua na kukaa pale pale kama umetundikwa. Miezi hiyo unalipwa kwa ulichorusha hewani tu.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa 9 hawapendi kulisikia kabisa: digrii nyingi hunyoosha mpira. Uso uliolala zaidi unaongeza mzunguko wa kwenda nyuma, na kosa lile lile la mkono linaupindisha mpira kidogo kuliko lingeupindisha kwenye uso uliosimama. Wale wanaopoteza mipira minne kila raundi vichakani upande wa kulia, halafu wanamtuma kijana akaitafute, wangeokoa mipira hiyo kwa kubadili namba moja tu.

Hapo kwenye kijana ndipo ninapotaka kufika.

Nakaa Kijenge, upande wa Mwanama. Gymkhana haiko mbali, na ukienda barabara ya Moshi kuna Kili Golf yenye mashimo 18 kati ya Meru na Kilimanjaro. Mtaani kwangu kuna vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji, makedi, na kama ilivyo Afrika Mashariki nzima, ubebaji huo ni mlango. Wachezaji wengi wa kulipwa wa ukanda huu walianza wakiwa na mfuko wa mtu mwingine begani. Uwanja sitautaja, kwa sababu tabia ninayoisema haina uwanja mmoja.

Chalii anayebeba mfuko hanunui draiva. Mpya ni mamia ya maelfu ya shilingi, na zile nzuri zinavuka milioni. Anapewa. Anayempa ni bosi ambaye alinunua 8 na nusu yenye shafti gumu kama nondo kwa sababu alimwona fulani nayo kwenye televisheni, akahangaika nayo miaka miwili, haikupaa hata siku moja, hatimaye akaichoka. Anampa kijana, na watu wanampigia makofi kwa ukarimu wake. Mimi sikatai kwamba ni ukarimu. Nasema tu kwamba fimbo iliyomshinda mwanaume wa kilo 90 imekabidhiwa mtoto wa kilo 52, na kuanzia siku hiyo mtoto anapimwa kwayo.

Namjua mmoja. Alikuwa na miaka 17, na kwa fimbo fupi alikuwa na mkono ambao ungeulipia kuutazama. Kwa draiva ya zawadi mpira wake ulitoka kimo cha kiuno na kufa yadi 140 mbele. Kwa mbao namba tatu ya kuazima, ya digrii 15, fimbo fupi zaidi na yenye kichwa kidogo zaidi, aliupita ule wa draiva kwa yadi 30. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo. Mtu anayepiga mbao namba tatu mbali kuliko draiva hahitaji mazoezi, anahitaji lofti. Kulikuwa na mchujo wa vijana, wakapigishwa draiva, akakatwa. Neno lililotumika lilikuwa "hana nguvu". Nguvu alikuwa nazo za kutosha digrii 12 na nusu.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwapo kwa nini hawakumpa fimbo nyingine ajaribu. "Mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "nyingine iliyokuwapo ilikuwa ya rangi ya zambarau."

Ni rangi tu iliyoikataza. Watengenezaji wanazichukua fimbo zenye lofti kubwa na shafti jepesi, wanazipaka zambarau na waridi, wanaziita za wanawake, na kwa rangi hiyo wanamfungia nje kila mvulana, kila mzee wa miaka 65 na kila mwanaume wa ofisini ambaye mwili wake unaomba kifaa hicho hicho. Sisi wanawake nasi tunafungiwa upande wa pili. Dada mwenye maili 95, na wapo, anapewa zambarau bila kupimwa kwa sababu amevaa sketi. Huu ni mji wa Madina Iddi, ambaye ameiwakilisha Tanzania nje ya nchi kwa miaka mingi, na bado viwanjani kwetu neno "mwanamke" linatumika kama kipimo cha udhaifu. Swingi haina jinsia, ina maili.

Na maili hizo zinaweza kupatikana bila rada. Subiri ardhi iwe na unyevu, ili mpira ukitua uache alama. Piga mipira kumi. Tupa miwili bora, maana hiyo ni bahati, na miwili mibaya kabisa. Ile sita iliyobaki, tembea hadi kwenye alama ya kila mmoja ulipotua, si ulipokwenda kulala, pima, tafuta wastani. Kwa kuwa uko Arusha, toa asilimia 5. Kinachobaki kigawe kwa 2.2. Tuseme umerusha yadi 180: ukitoa unabaki na 171, ukigawa unapata kama maili 78. Ni makadirio, si rada, lakini yanatosha kukutoa kwenye ndoto. Maili 78 ni draiva ya digrii 12 au zaidi, uwe na ndevu au usiwe nazo. Kama haipatikani, anzia na mbao namba tatu bila kumwomba mtu radhi.

Ombi langu kwa wenye klabu na walimu wa vijana ni dogo na halina gharama: kabla hamjaandika "hana nguvu" mbele ya jina la mtoto, geuzeni fimbo aliyoishika msome namba. Na mabosi mnaogawa fimbo, asanteni, endeleeni, ila mkifika kwenye ile 8 na nusu, iuzeni, nunueni 12 iliyotumika, mgawe hiyo.

Yule chalii sasa anaendesha bajaji kati ya Kijenge na mjini. Mbao namba tatu aliirudisha kwa mwenyewe. Ile draiva bado anayo, ipo nyuma ya mlango, mama yake anaitumia kuangulia parachichi.