UKINUNUA MCHEZO, JE, NI MALI YAKO?

Katika sheria yetu ya Kiislamu, kuuza si sawa na kukodisha. Kitu kikiuzwa, milki humhamia mnunuzi. Kikikodishwa, mkodi hupata manufaa yake kwa muda tu. Tofauti hii hata watoto wa chuoni waijua, lakini wafanyabiashara wa michezo ya video wameitia kiza.

Zamani kila mchezo ulikuwa na diski yake. Aliyeuchoka aliuuza, na huko Marekani maduka kama GameStop yalinunua kwa bei ya chini na kuuza tena kwa faida nono. Haki hiyo ina mizizi: mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mchapishaji akishauza kitabu, hana tena amri juu ya bei ya kukiuza mara ya pili.

Wachapishaji wa michezo walinung'unika. Mchezo ukiuzwa mara nne, wao hulipwa mara moja, nao ndio waliobeba gharama. Neno hilo lina uzito. Lakini mnunuzi naye hukubali kutoa dola 60 kwa kuwa ajua atarudisha kiasi, na kiasi hicho huweza kumnunulia mchezo mpya.

Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts ilianza kumtoza mnunuzi wa pili dola 10 ili acheze na wenziwe mtandaoni, 2013 ikaacha. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza masharti ya kubana mtumba katika Xbox One. Watu wakapiga kelele, na tarehe 19 Juni ikayafuta.

Hata hivyo, lililoshindikana kwa amri limepatikana kwa intaneti. Mchezo unaopakuliwa hauna diski ya kumpa mwenzio. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilimpa mnunuzi haki ya kuuuza. 2022 mahakama ya rufani ikatengua. Na mwaka 2024 Ubisoft ilipozima mitambo ya mchezo wa The Crew, hata wenye diski walibaki mikono mitupu.

Sheria ya California iliyoanza 2025 yakataza duka kusema "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba apewa ruhusa ya kutumia tu.

Kukodisha si kosa. Kosa ni kuiita kodi mauzo, kisha kudai thamani ya mauzo. Vijana wetu wanaolipia michezo kwa simu wayasome masharti kwanza, wajue walipacho ni bei au ni kodi.