Mtandao Ukienda Pole, Nani Athibitishe?

Mteja akilalamika kwamba intaneti inatambaa, majibu ya mtoa huduma huwa tayari: zima simu uwashe, futa programu usizotumia, sogea dirishani. Akiwa ni mtu wa Quiterajo, katika pwani ya wilaya ya Macomia, Cabo Delgado, huongezewa jibu la kumfunga mdomo: huko kuna vita, shukuru kwa hicho ulicho nacho. Nayapinga majibu haya. Yanamgeuza aliyelipa kuwa mshitakiwa, na aliyelipwa kuwa hakimu.

Sisemi kwamba kila kosa ni la kampuni. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimeharibu minara ya simu katika mkoa huo. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyohiyo Aprili 2019. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na Msumbiji, Tanzania na Kenya zote zikaumia. Simu nayo huweza kuwa chakavu. Lakini kila sababu ina dalili zake, na mwenye kuzisoma dalili hadanganyiki.

Mkongo ukikatika, wanaumia watu wa Pemba na wa Dar es Salaam pamoja, mchana na usiku. Mnara ukichomwa, mtandao hupotea kabisa. Haurudi wenyewe kila siku alfajiri. Simu ikiwa mbovu, ya jirani mwenye laini ya kampuni hiyohiyo itakwenda vizuri palepale ulipoketi. Lakini simu tatu tofauti, zenye laini za kampuni moja, zikienda mbio alfajiri na zote zikatambaa kila siku saa mbili usiku, tusisingizie vita. Dalili hiyo ni ya msongamano: watumiaji wa saa hiyo wamezidi uwezo wa mnara, au wa njia inayouunganisha mnara na mtandao mkuu. Vifurushi vilivyouzwa ni vya kampuni, na mnara ni wa kampuni. Hata usalama ukiwazuia mafundi kufika, haumzuii mwenye mnara kusema kweli, wala kupunguza bei.

Wapo watakaosema: basi kila mteja apime kasi mwenyewe. Tupige hesabu. Megabaiti moja ni megabiti 8. Kipimo cha sekunde 10, kwenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, hula megabaiti 12.5 kwa upande wa kupakua peke yake. Ukipima asubuhi, mchana na usiku kwa wiki moja, zimekwenda zaidi ya megabaiti 260. Mnunuzi wa bando dogo anatakiwa alipie ushahidi dhidi ya yule aliyemuuzia bando hilo! Tena programu nyingi za kupima huchagua seva iliyo karibu, na mara nyingine seva hiyo imo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Namba inatoka nzuri, na huku tovuti ya chuo haifunguki. Hiyo ndiyo kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Na namba ikitoka mbaya, kampuni ina kimbilio katika neno moja. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tulitazame neno hilo: "hadi". Kasi "hadi megabiti 20" hutaja kikomo cha juu tu. Cha chini hakikutajwa, kwa hiyo anayepewa megabiti 1 hana ahadi ya kuishikilia.

Kampuni, kwa upande wake, haihitaji bando ili ijue. Mitambo yake hurekodi kila mnara umebeba kiasi gani na saa ngapi. Basi anayejua ndiye athibitishe. INCM, mdhibiti wa mawasiliano wa Msumbiji, iwalazimishe Vodacom, Movitel na Tmcel kutangaza takwimu hizo mnara kwa mnara, pamoja na kasi ya chini wanayoiahidi. Wastani wa nchi nzima hautoshi, maana unaivisha Quiterajo kanzu ya Maputo. Dai hilohilo lifike TCRA kule Tanzania, ili Mtwara vijijini isifichwe nyuma ya Dar es Salaam.

Kabla ya siku hiyo, tutumie kipimo cha maskini. Watu kumi watumiane picha ileile alfajiri na saa mbili usiku, mahali palepale, wahesabu sekunde na kuziandika daftarini pamoja na jina la laini. Kisha wapeleke daftari hilo kwa kampuni, nakala kwa mdhibiti, wadai takwimu za mnara wao kwa saa hizohizo. Kampuni ikikataa kuzitoa, itakuwa imekwisha kujibu.