Wanasheria wa ngazi ya kati wanasomea Lushoto, lakini pengo liko Kwamndolwa

WAKATI mjadala wa kitaifa kuhusu haki jinai umejikita zaidi katika Jeshi la Polisi, ofisi za waendesha mashitaka na mahakama za juu, swali moja la msingi limebaki pembeni. Ni nani anayelinda haki ya mtuhumiwa na ya mlalamikaji katika saa za mwanzo, kabla shauri halijafika mbele ya hakimu?

Kwa mkazi wa Kwamndolwa, kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji Korogwe mkoani Tanga, jibu la swali hilo haliko Dodoma wala Dar es Salaam. Liko katika ofisi ya mtendaji, kwa mgambo aliyetumwa kukamata na kwenye kaunta ya kituo cha polisi.

Katika mkoa huo huo, ukitoka Korogwe hadi Mombo na kupanda milima ya Usambara, kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998. Pamoja na kutoa mafunzo kwa majaji, mahakimu na watumishi wa mahakama, chuo hicho hufundisha astashahada na stashahada ya sheria, masomo ambayo mtoto wa kidato cha nne asiyepata nafasi ya chuo kikuu anaweza kuyafikia.

Kwa hiyo mkoa una mahali pa kuwaandaa wataalamu wa sheria wa ngazi ya kati, na una kata zinazowahitaji. Kinachokosekana ni daraja kati ya pande hizo mbili.

Njia ya mtuhumiwa

Itakumbukwa kwamba Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume hiyo iliwasilisha ripoti yake Julai 2023, ikipendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi na kuundwa kwa chombo cha kitaifa cha upelelezi.

Mapendekezo hayo ni mazito na yanastahili uzito yaliopewa. Hata hivyo, mashauri mengi ya mwananchi wa kawaida hayaanzi kwa mpelelezi wa kitaifa. Huanza kwa kuku aliyepotea, ng'ombe walioingia shambani, ugomvi wa kilabuni au mke aliyepigwa usiku.

Chukua mfano wa kijana anayetuhumiwa kuiba. Akiwa na bahati, wananchi wenye hasira kali hawatamfikia kwanza. Mgambo watamkamata na kumpeleka kwa mtendaji, mtendaji atampeleka polisi, polisi watamhoji na kuandika maelezo yake, ndipo afikishwe mahakama ya mwanzo. Hadi amwone hakimu, amekwisha kupita katika mikono mitatu au minne, na huenda hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesoma sheria darasani kwa mwaka mzima.

Mikono hiyo si ya watu wasio na mamlaka. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inawatambua watendaji wa kata na vijiji kuwa walinzi wa amani katika maeneo yao, na hivyo kuwapa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kufikishwa panapohusika. Ngazi ya juu yao, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini hadi saa 48 kwa masharti maalumu. Mamlaka ya kumnyima mtu uhuru yamesambazwa hadi chini kabisa, lakini elimu ya mipaka ya mamlaka hayo haikusambazwa kwa kasi hiyo.

Matokeo yake hayawaumizi watuhumiwa peke yao. Mwanamke aliyepigwa, asipoelekezwa mapema kuchukua fomu ya polisi namba tatu, maarufu kama PF3, na kwenda nayo hospitali, hufika mahakamani akiwa na maneno matupu. Mwenye mali iliyoibwa naye hushindwa kesi kwa sababu kielelezo kilipita mikononi mwa watu wengi bila kumbukumbu yoyote. Haki ikiharibika chini, hakimu wa juu hana cha kuikarabati.

Mlango uliofungwa

Kwa miaka mingi cheti cha sheria kilikuwa na maana moja iliyoeleweka kijijini. Aliyekipata, zamani kupitia kilichokuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe, aliweza kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Mzazi aliyeuza mazao ili kumsomesha mwanawe alijua anakompeleka.

Hali hiyo imebadilika. Ajira mpya za uhakimu sasa zinalenga wenye shahada ya sheria waliopitia Shule ya Sheria kwa Vitendo. Aidha, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliruhusu mawakili kuingia katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, mahali ambako awali hawakuruhusiwa kabisa. Kupanda kwa kiwango hicho ni jambo jema, kwani mwananchi wa Kwamndolwa anastahili hakimu aliyesoma kama anavyostahili mkazi wa Kinondoni.

Lakini njia ya shahada nayo ni nyembamba. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yaliishtua nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walishindwa. Serikali ililazimika kuunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini cha tatizo.

Mwenye stashahada amebaki katikati. Ameijua sheria kuliko jirani zake wote, lakini hawezi kuketi kitini pa hakimu wala kusimama mahakamani kama wakili. Ada nayo haina msaada mkubwa. Bodi ya Mikopo ilipofungua dirisha la mikopo kwa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, fani zilizopewa kipaumbele zilikuwa afya, ualimu na ufundi, usafirishaji, nishati, madini, na kilimo na mifugo. Sheria haikuwamo.

Mlango ulio wazi

Ukweli ambao wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba mlango mwingine upo, tena uko karibu na nyumbani. Matangazo ya ajira ya Mtendaji wa Kijiji humtaka mwombaji awe na elimu ya kidato cha nne au cha sita, pamoja na astashahada katika mojawapo ya fani kadhaa zikiwamo utawala, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha na sheria, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali.

Maana yake ni kwamba kijana aliyesoma sheria Lushoto anaweza kurudi na kushika ofisi ambamo haki jinai huanzia. Kasoro ni kwamba sheria imewekwa kama fani mojawapo tu. Aliyesoma fedha pekee anaweza kupewa kiti hicho hicho, na siku ya pili akaamuru mtu akamatwe.

Kazi ya sheria katika ngazi hiyo inazidi kuongezeka. Marekebisho ya 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia usuluhishi, wenye ukomo wa siku 30 kabla ya mdai kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi ni kazi ya utaalamu kuliko hukumu, kwa sababu msuluhishi hana rungu la kumlazimisha mtu. Katika wilaya jirani ya Handeni, ambako kijiji cha Msomera kilianza kupokea kaya kutoka Ngorongoro mwaka 2022, haihitaji maelezo marefu kuona kwamba suala la ardhi lisiposuluhishwa leo huweza kugeuka shauri la jinai kesho.

Kuna pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, inayowezesha mwenye kustahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kutumikia adhabu yake kwa kufanya kazi za umma bila kulala gerezani. Adhabu hiyo hutumikiwa shuleni, zahanati na barabarani, ndani ya kata. Inahitaji mtu wa karibu anayejua sheria, atakayesimamia na kuandika taarifa ya kweli.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 nayo imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria. Hata hivyo, huduma hiyo hutolewa bure kwa wasio na uwezo, na kijana aliyelipiwa ada kwa mahindi ya familia hawezi kuishi kwa kujitolea pekee.

Hofu ya vishoka

Wapo wanaoona kwamba kuongeza watu wenye elimu ya sheria isiyofika kwenye uwakili ni kuzalisha vishoka, wale wanaozunguka nje ya mahakama wakiandika hati na kutoza fedha bila leseni. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kishoka hustawi pale penye maarifa yasiyo na ofisi na wateja wasio na msaada. Dawa yake ni kumpa mwenye stashahada kazi inayotambulika, yenye mipaka na mwajiri wa kumwajibisha.

Hatua tatu hazihitaji mageuzi makubwa. Ya kwanza ni kuifanya elimu ya msingi ya haki jinai kuwa sharti kwa kila mtendaji anayeajiriwa, bila kujali fani yake. Ya pili ni kuvitumia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 na kimojawapo kikiwa Handeni, kutoa kozi fupi kwa mgambo na wajumbe wa mabaraza ya kata, sambamba na ushonaji na useremala. Ya tatu ni kuwafikiria wanafunzi wa stashahada ya sheria katika mikopo, angalau wale watakaokubali kufanya kazi katika kata.

Lugha nayo isisahauliwe. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama kwa mujibu wa sheria, ilhali vyuo vya sheria kwa muda mrefu vimefundisha kwa Kiingereza. Mhitimu asiyeweza kumweleza mzee wa Kizigua maana ya dhamana kwa maneno mepesi hajamaliza masomo yake.

Taifa linaweza kuunda chombo kipya cha upelelezi na kuwapata mahakimu wenye shahada mbili. Ikiwa mtu wa kwanza kumshika mtuhumiwa kule Kwamndolwa hajui kwamba mtu huyo bado hana hatia, mageuzi hayo yatakuwa yamejenga paa kabla ya msingi.