MTANI HAPIGWI

Sisi wa Morogoro na milima ya Uluguru hatuhitaji mgeni wa kutufundisha maana ya utani. Kila ukoo una watani wake. Akifa mzee, watani huja msibani, wakamwiga marehemu alivyotembea na alivyokuwa bahili, wakawadhihaki wafiwa mbele ya watu, wala hakuna aendaye polisi. Mkubwa akikasirika, aibu ni yake. Basi twauliza: mchora katuni afanyapo kazi hiyo hiyo gazetini, mbona wakubwa hutafuta kufuli?

Mtazameni Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na picha zake zilianza kuchapwa katika magazeti yetu angali kijana. Alisoma usanifu wa majengo katika Chuo cha Ardhi, lakini hakukaa sana. Mwaka 1992 akaenda Nairobi, gazeti la Nation likampa kazi. Huko akawachora marais wa Kenya mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi, na mwaka 2009 akawageuza wakubwa kuwa vikaragosi vya televisheni katika kipindi cha The XYZ Show. Mtoto wetu huyo! Jirani ndiye aliyemlisha na kumpa karatasi.

Na sisi tulipokeaje picha zake? Januari 2015 serikali yetu ililipiga marufuku gazeti la The East African. Sababu iliyotolewa ni usajili, ingawa gazeti hilo lilikuwa likiuzwa mitaani kwetu kwa miaka ipatayo ishirini. Gado mwenyewe alisema chanzo ni katuni yake ya Rais Kikwete. Mwaka 2016 Nation nao hawakumwongezea mkataba. Mwaka huo huo, kule Geneva, yeye na Zunar wa Malaysia wakapewa tuzo ya wachora katuni watetea amani.

Wapo wasemao kwamba mila za Kiafrika haziruhusu kumcheka kiongozi. Mila zipi hizo? Labda wamezisoma katika vitabu vya Wazungu. Gazeti la chama, Uhuru, lilimpa nafasi Christian Gregory na Chakubanga wake tangu mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Nchi haikubomoka. Wazee wamkumbuka Chakubanga mpaka leo, na hotuba nyingi za siku zile wamekwisha kuzisahau.

Asiyechekwa huwa kiziwi. Waulizeni wa Matombo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Watu wakasema kazi ni nzito na faida hawaioni. Mabwana wakaona ni ukaidi tu. Julai 1955 ghasia zikazuka, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Laiti bwana shamba yule angalichorwa gazetini mapema, amekaa juu ya tuta akiandika ripoti huku akina mama wakichimba!

Mkoloni alikwisha kwenda zamani, lakini hofu ya picha ingalipo. Oktoba 2024 leseni za magazeti ya Mwananchi na The Citizen mitandaoni zilisimamishwa kwa siku 30, baada ya kutoa katuni ya kutembea iliyohusu watu waliotoweka. Waliopotewa na ndugu zao walikuwa wakilia. Aliyeadhibiwa ni mchoraji wa kilio.

Hatusemi mchora katuni ni malaika. Mtani naye akimsingizia mtu wizi, amevunja utani. Lakini ulinganisheni uongo huo na barua moja ya ofisini inayofunga gazeti zima jioni moja, hata fundi wa mitambo asiyejua kuchora akakosa mshahara.

Twawataka wabunge wetu wa Morogoro wapeleke jambo hili Dodoma. Mwenye ofisi yoyote asiwe na uwezo wa kufunga gazeti kwa ajili ya picha. Aliyeonewa na aende mahakamani kama mwuza ndizi wa Kinole anavyokwenda, asimame, aeleze ameumia wapi, na picha yenyewe ibandikwe ukutani hakimu aitazame.