Kabla ya kulipa ada ya chuo, uliza kozi hiyo itakufikisha wapi

Kila mwaka matokeo ya S6 yakitoka hapa Uganda, matangazo ya vyuo vikuu hutufikia hadi kwenye makazi: Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali. Karatasi hubandikwa sokoni, na ujumbe huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: nafasi bado zipo, ada ni nafuu, njoo na vyeti vyako. Mengi ya matangazo hayo ni ya vyuo vidogo vilivyo mjini karibu nasi. Uchambuzi huu ni kwa ajili yako wewe unayefikiria kujiandikisha, na kwa mzazi atakayeuza mbuzi au mahindi ili ulipe muhula wa kwanza.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi sasa? Kwa miaka mingi, mkimbizi aliyetaka kusoma shahada alitegemea ufadhili. Ule wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR kwa fedha za Ujerumani na wafadhili wengine, ulianza mwaka 1992. UNHCR imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa karibu asilimia 1, na ripoti ya mwaka 2024 ilitaja asilimia 7. Hatua imepigwa, lakini nafasi za ufadhili hazijawahi kuwatosha waombaji. Halafu mwaka 2025 misaada ilikatwa, na hapa Uganda watu karibu milioni moja waliondolewa kwenye msaada wa chakula wa WFP. Kwa hiyo familia nyingi zinazotaka mtoto asome zitajilipia zenyewe, tena wakati mfuko umepungua. Ukikosea kuchagua, hakuna wa kukulipia mara ya pili.

Kosa la kwanza ni kuchagua kile tunachokiona. Katika makazi, mtu mwenye mshahara tunayemwona kila siku ni mfanyakazi wa shirika, mwenye fulana yenye nembo na gari lenye antena. Ndiyo maana vijana wengi hukimbilia kozi za maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii au usimamizi wa miradi. Kozi hizo si mbaya. Lakini ukimaliza, unayetarajia akuajiri ni yule yule mmoja, shirika, na mwaka 2025 mashirika yalipunguza wafanyakazi. Jiulize: kama mashirika yote yangefunga ofisi kesho, shahada hii ingenipatia kazi gani? Mwalimu wa hesabu, muuguzi, mhasibu au mtaalamu wa kilimo anaweza kujibu haraka. Ukishindwa kujibu, rudi ukatafute tena.

Je, chuo kidogo kina shida? Si lazima. Madarasa huwa na watu wachache, mhadhiri anaweza kukujua kwa jina, na ukiwa karibu na nyumbani unaokoa kodi ya chumba. Isitoshe, chuo kidogo kinaweza kukua. Mountains of the Moon, huko Fort Portal, kilianza kama chuo cha jamii na leo ni chuo cha serikali. Lakini udogo una hatari zake. Kozi yenye wanafunzi wachache mno inaweza kusimamishwa katikati. Wahadhiri wanaweza kuwa wa muda, wanaokuja siku mbili kwa wiki. Maabara inaweza kuwa chumba kimoja. Nenda ukajionee. Omba kuongea na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa kozi unayoitaka, wala usitosheke na maneno ya anayeandikisha. Waulize ni masomo mangapi hayakufundishwa muhula uliopita, matokeo hutoka lini, na mafunzo ya kazini walifanyia wapi.

Kisha angalia uhalali. Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni chuo chenyewe. Chuo binafsi Uganda hupita ngazi tatu chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE: idhini ya awali, leseni ya muda, na mwisho hati kamili inayotolewa na Rais. Cha pili ni kozi. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi fulani ikiwa haijaidhinishwa, au muda wa idhini yake umekwisha. Mwaka 2023 kulizuka mjadala mkubwa nchini baada ya watu kugundua kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa, zilionyeshwa kuwa muda wake umepita. NCHE ilieleza kwamba kozi hizo zilitakiwa kupitiwa upya, na kwamba shahada za waliokwisha kuzisoma ni halali. Hata hivyo, wewe unayeanza leo una haki ya kuuliza: kozi hii iliidhinishwa lini, na hadi lini? Orodha iko kwenye tovuti ya NCHE, na kuitazama hulipi chochote isipokuwa data ya simu. Usisahau pia kilichotokea Chuo Kikuu cha Busoga. Mwaka 2017 NCHE ilikifutia leseni, katika sakata la utoaji wa shahada ambamo wanafunzi wengi kutoka Sudan Kusini walitajwa. Wageni wenzetu walijikuta na karatasi zenye mashaka.

Kwa wale tuliosomea Kongo au Burundi, kuna mtego wa jina. Diplôme d'État si kile Waganda wanachokiita diploma. Kwao, diploma ni masomo ya miaka miwili hivi baada ya sekondari, na ya kwetu ni cheti cha kumaliza sekondari. Ukimwambia karani "nina diploma" bila kueleza, anaweza kukupeleka kwenye mlango usio wako. Cheti chako kinapaswa kupelekwa UNEB, baraza la mitihani, kilinganishwe na vyeti vya Uganda, na kama kimeandikwa kwa Kifaransa kitahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza. Anza mapema. Usilipe ada kwa ahadi kwamba "mambo ya UNEB tutamaliza baadaye", maana shahada iliyojengwa juu ya cheti kisichokubaliwa inaweza kukwama siku ya mahafali. Kama alama hazitoshi, bado kuna njia nyingine: cheti cha mwaka mmoja cha kuingilia elimu ya juu, diploma ya Uganda, au mtihani wa watu wazima kwa mwenye miaka 25 au zaidi. Na ukumbuke kwamba darasani ni Kiingereza. Miezi sita ya kukifanyia kazi Kiingereza kabla ya kuanza si muda uliopotea.

Fikiria pia mwisho wa safari. Kazi nyingine hazitosheki na shahada. Mwanasheria husoma miaka minne, kisha anatakiwa kupita Law Development Centre ndipo aweze kusimama mahakamani. Muuguzi lazima asajiliwe na baraza la wauguzi. Ualimu unabadilika: sera ya taifa ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, jambo linaloufanya ualimu kuwa na mwelekeo unaoeleweka. Na kama siku moja utarudi Kongo, ujue kwamba vyuo vya huko vimekuwa vikihamia mfumo wa LMD, ambao lisansi yake ni miaka mitatu. Hivyo shahada ya miaka mitatu ya Uganda inaeleweka kwa urahisi zaidi kuliko zamani, mradi tu chuo na kozi viwe na idhini.

Sasa pesa. Usihesabu ada ya muhula mmoja. Kozi ya miaka mitatu kwa kawaida ni mihula sita. Ongeza gharama ambazo hazimo kwenye tangazo: usajili, mitihani, kitambulisho, nauli, chakula, mafunzo ya kazini, na ada ya mahafali. Uliza pia kama chuo kinamtoza mkimbizi kama raia au kama mgeni. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki sawa na raia katika shule ya msingi. Zaidi ya hapo, kila chuo kina utaratibu wake. Jibu lolote, liombe kwa maandishi. Kama hesabu inaonyesha kwamba pesa zitaishia mwaka wa pili, diploma uliyoimaliza ina faida kuliko shahada uliyoiacha njiani, na baadaye inaweza kukufungulia mlango wa shahada.

Kwa ninyi ndugu wenyeji wa Isingiro, Kyegegwa, Kamwenge na Kikuube, maswali ni hayo hayo, ila mna milango miwili ambayo mkimbizi hana. Bodi ya mikopo ya wanafunzi huwakopesha raia, hasa wa kozi za sayansi, na serikali hutenga nafasi za ufadhili kwa kila wilaya. Wengi huzikosa kwa kutojua tarehe. Fuatilieni kwenye ofisi ya elimu ya wilaya.

Basi, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, hakikisha una majibu ya maswali matano. Chuo kina leseni gani? Kozi ina idhini hadi lini? UNEB imesema nini kuhusu cheti changu? Gharama yote mpaka mahafali ni kiasi gani? Ni nani, mbali na shirika, anayeajiri watu waliosoma kozi hii? Anayekuandikisha akikasirika kwa sababu umeuliza, jua umepata jibu lako. Elimu haina mwisho, lakini mahindi ya mzazi yana mwisho.